Kamati Iliyoona Haya

Kamati yetu ilikuwa na watu watano, na wanne kati yao hawakuzaliwa na mlango wa kizazi. Wa tano nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kuwa mwakilishi wa akina mama kwa sababu banda langu la cherehani linatazamana na ofisi ya mtaa, na mwenyekiti alipotoka nje kutafuta mwanamke, mimi ndiye niliyekuwa karibu, nimebana pini mdomoni. Nadhani zile pini ndizo zilizomvutia. Alidhani amepata mwanamke asiyesema, akanipeleka kikaoni na tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kuiandaa jamii ikubali chanjo ya wasichana, ile inayozuia saratani ya mlango wa kizazi. Wauguzi wangekaa shuleni kwetu wiki moja, wawachanje wasichana ambao wazazi wao wameridhia, kisha wahamie kwingine. Chanjo ilikuwa ya wenye miaka tisa mpaka kumi na minne. Aliyevuka hapo, mpango ule haukumtambua.

Mwezeshaji wetu alitumwa na shirika. Alikuwa kijana msafi, viatu vinang'aa, na sisi nyuma ya mgongo wake tulimwita Bwana Ushirikishwaji, maana hilo neno halikumkauka mdomoni. "Jamii ishirikishwe," alikuwa akisema, "jamii imiliki, jamii ijione." Mimi ndiye jamii, na sikujua nijione wapi, kwa sababu ofisi ile haina hata kioo.

Wengine walikuja kikaoni kwa ajili ya chai. Mimi nilikuja kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Dada yangu aliolewa na fundi seremala, yule anayetengeneza milango karibu yote ya mtaa huu, na ugonjwa uliomuua ndio huohuo uliotukusanya ofisini. Daktari alimwambia shemeji jina la ugonjwa lote, mwanzo mpaka mwisho, mimi nikiwa nimesimama pembeni yake. Tulipofika nyumbani na watu wakauliza, shemeji akajibu, "Tumbo." Msibani ikawa tumbo. Majirani wakatikisa vichwa, wakasema tumbo baya sana. Na mama yangu mzazi naye, aliyekuwa akimwogesha mwanawe mwenyewe na kuona kila kitu, akasema tumbo.

Aliacha binti mmoja. Tunamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza. Mwezi uliofuata alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano. Kwa hiyo wiki ile ya chanjo kwa wengine ilikuwa wiki moja kati ya nyingi, lakini kwake ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Hilo nililijua vizuri, na lilikuwa linaninyima usingizi.

Basi, tukaanza na bango. Kitambaa nilikipinda ncha mimi mwenyewe, mita tano za pamba nyeupe, kikapelekwa kwa fundi wa maandishi kikisubiri maneno. Bwana Ushirikishwaji akaandika maneno kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani: WAZAZI, LETENI MABINTI WAPATE CHANJO YA KUZUIA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI.

Mwenyekiti akakohoa. Mzee huyu ana kikohozi cha ugonjwa na kikohozi cha kazi, na hicho kilikuwa cha kazi.

"Hapo kuna neno," akasema. "Hilo la pili kutoka mwisho."

Bwana Ushirikishwaji akahesabu kwa ncha ya kalamu. "'Wa'?"

"Kabla ya 'wa'."

"'Mlango'?"

Mwenyekiti akageukia dirishani. "Hilo hilo. Linatundikwa barabarani, kijana wangu. Mtu anapita pale yuko na mama mkwe wake. Auweke wapi uso wake?"

"Lakini mwenyekiti," nikasema, "mlango si tusi. Hata wewe umeingilia mlangoni."

"Mama, usinivunjie heshima."

Mwalimu mkuu akaingilia kwa sauti yake ya kusahihisha madaftari. Alisema hata hilo neno saratani linatisha, na sisi kazi yetu ni kuhamasisha, si kutisha. Katibu akasema anaunga mkono. Katibu wetu huunga mkono kila kitu, hata mvua ikianza kunyesha ataunga mkono. Nikafungua mdomo niwajibu wote kwa pamoja, na hapo ndipo mwenyekiti akakumbuka chai.

"Hebu tuangalizie chai, mama. Imechelewa sana."

Nikaenda, kwa hasira, maana mkubwa akiagiza mguu unatangulia kabla ya akili. Nilirudi na chupa ya chai na biskuti nikakuta wanapongezana. Wameyalainisha maneno, wakaniambia. Nikauliza yamekuwaje. Katibu akasema keshayatuma kwa fundi kwa simu, nisiwe na wasiwasi, nimimine chai.

Kesho yake asubuhi bango likawa limetundikwa kati ya nguzo mbili mbele ya shule. Nililiona nikiwa nafungua banda. Herufi nyekundu, kubwa, zimejipanga vizuri, na chini kabisa nembo ya ofisi ya mtaa:

WAZAZI, LETENI MABINTI WAPATE CHANJO YA KUZUIA KIZAZI.

Nililisoma mara mbili, nikakaa chini kwenye kiti cha wateja. Walikuwa wametoa saratani kwa kuwa inatisha, wakatoa mlango kwa kuwa unaaibisha, na kilichobaki wakakiona ni kitamu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kamati yetu ilificha uchi, na kweli kabisa, kizazi kikazuiwa.

Fundi wa maandishi nilimfuata. Akanionyesha ujumbe kwenye simu. "Mimi naandika nilicholetewa, dada. Tena mara hii wamenipa maneno ya kiasi, herufi zimepata nafasi."

Uvumi kwamba sindano za wasichana zinafunga uzazi ulikuwepo mtaani siku zote. Ulitembea chini chini, ukikanushwa huku na kule, ukikosa ushahidi. Sasa ofisi yenyewe ikautolea ushahidi wa mita tano. Saa nne haijafika, simu zote zilikuwa na picha ya lile bango. Bibi mmoja jirani yangu aliingia darasani, akamtoa mjukuu wake kwa sikio, utadhani mtoto ndiye aliyeandika. Siku ya kwanza ya chanjo wauguzi walikaa kwenye meza yao shuleni na kisanduku chao cha baridi, wakapigwa na upepo mpaka jioni.

Mimi nilikwenda kwa shemeji. Karakana yake iko nyuma ya soko, na milango imeegemezwa ukutani kila mahali, ya mbao nyepesi, ya mbao ngumu, mingine bado haina vitasa. Alikuwa anapiga randa. Hakusimama.

"Nimelisoma," akasema kabla sijamsalimia. "Binti yangu hachomwi."

"Shemeji, bango limekosewa. Nilikuwa kwenye kamati, nakwambia mimi."

"Kama ulikuwa kwenye kamati, mbona limekosewa?"

Hapo alinipata. Sikuwa na jibu ila chai, na chai si jibu. Nikamwambia basi aliache bango, anisikilize mimi. Chanjo ni ya kuzuia ugonjwa uliomchukua dada, na Wakili mwezi ujao anavuka umri.

"Mke wangu alikufa kwa tumbo," akasema.

Sitajifanya mtu mpole. Nilipandwa na hasira mpaka nikasikia masikio yanawaka. "Mtaa mzima unalala nyuma ya milango yako," nikamwambia. "Umetengeneza ya maduka, ya vyoo, ya nyumba za ibada. Mmoja tu ndio umekushinda, na hata si kuutengeneza, ni kuutaja!"

Randa ikasimama. Nilidhani atanifukuza, na ningefukuzika. Badala yake akapangusa vumbi la mbao mikononi, akaongea taratibu.

"Unajua watu wanausemaje huo ugonjwa, shemeji? Wanasema ni wa wanawake wasiotulia. Wewe utawazuia? Nikimpeleka mtoto pale mezani, kesho wataulizana kwa nini fundi kakimbilia sindano hiyo, na watajijibu wenyewe. Marehemu hawezi kujitetea. Acha apumzike na tumbo lake."

Nilimtazama. Miaka yote nilidhani ni haya tu ya kiume, kumbe mtu alikuwa amekaa mlangoni kwa mkewe akilinda. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Dada yangu alitulia mpaka siku ya mwisho," nikasema, "na ugonjwa haukumuuliza kama ametulia. Na binti yake hautamuuliza."

Akarudi kwenye randa yake. Nikaondoka na maranda ya mbao yamening'ang'ania kwenye pindo la gauni.

Kamati ikaitishwa kwa dharura. Safari hii nilisema mapema kwamba chai ajichukulie anayeitaka, na nikakaa kitini kama aliyegundishwa. Nilitaka maneno yote yarudi, mlango ukiwemo. Tukapiga kura, nikashindwa nne kwa moja. Saratani ilikubaliwa kurudi, baada ya majadiliano. Mlango ulikataliwa kabisa. Bwana Ushirikishwaji, ambaye alikuwa anajua ukweli wote na kuogopa wazee wote, akaleta suluhisho, na bango la pili likatundikwa: CHANJO YA KUZUIA SARATANI YA SEHEMU HUSIKA.

Likaitishwa kongamano la wazazi ukumbini shuleni. Watu walijaa. Hawakuja kuhamasika, walikuja kucheka na kugomba, na hayo mawili hujaza ukumbi kuliko kitu kingine. Wanafunzi wa madarasa ya juu walikalishwa sakafuni mbele. Mlango wa ukumbi ulikuwa umeng'oka bawaba siku nyingi, na mwalimu mkuu, kwa kutaka wageni wa shirika waone shule nadhifu, alikuwa amemwita fundi. Fundi mwenyewe ndiye shemeji. Alikuwa amechuchumaa pale mlangoni na bisibisi, ametupa mgongo.

Muuguzi mkuu wa kituo cha afya alipangiwa dakika tano, mwishoni, muda ukiruhusu. Kabla yake kulikuwa na salamu, utambulisho wa meza kuu, salamu za shirika, na hotuba ya mwenyekiti.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti akasema, "huu ugonjwa unashambulia sehemu husika."

Mama muuza mkaa akasimama na mkono juu, hakungoja kuruhusiwa. "Mwenyekiti, hiyo sehemu husika iko upande gani?"

"Iko... katika mazingira ya ndani."

"Ya ndani ya nyumba?"

"Ya mwanamke, mama. Ya huko."

"Huko wapi? Mimi ni mwanamke na nina sehemu nyingi, na zote zinahusika!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka machozi, na aibu nikaona, kwa kuwa nilikuwa nimekaa meza kuu. Mwenyekiti akapangusa jasho. Mtu akipoteza ukumbi hutafuta mahali pa kuukamatia, naye akashika palipo karibu, maadili.

"Msicheke," akasema. "Kwa kweli wenzetu, tuseme wazi, ugonjwa wenyewe unawapata zaidi wanawake wa tabia fulani. Wasiojiheshimu. Sisi hatuhukumu, lakini kinga ya kwanza ni binti kutulia nyumbani kwao."

Muuguzi akasimama nusu, mwalimu mkuu akamkalisha kwa mkono kwamba dakika zake hazijafika. Kule mlangoni kitu cha chuma kikaanguka sakafuni. Ilikuwa bisibisi.

"Mwenyekiti," shemeji akasema, "rudia."

Watu wakageuka. Alikuwa amesimama katikati ya mlango usio na bawaba, mkono mmoja ameushikilia ubao usimwangukie.

"Fundi, wewe malizia kazi, tutakupa nafasi ya maswali."

"Rudia hapo kwenye tabia. Mke wangu ulimjua. Alikushonea... dada yake huyo hapo mbele amekushonea suti, na yeye mwenyewe alikuuguzia mkeo mwezi mzima. Tabia yake ilikuwa gani?"

Mwenyekiti akatafuta msaada kwetu mezani. Katibu aliinamia vidole vyake, na ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona haungi mkono. "Fundi, marehemu tulimzika sote. Marehemu alikufa kwa tumbo."

"Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi," shemeji akasema. "La tumbo nililisema mimi. Nilidhani nikilificha jina hamtamsema. Kumbe hata bila kumtaja mmemsema, tena na kipaza sauti."

Hakuna aliyekohoa. Mama muuza mkaa, aliyekuwa bado amesimama, akakaa polepole. Nilimwona mama yangu safu ya tatu ameshika mdomo kwa kanga, na kichwa chake kinakwenda juu na chini, ndiyo, ndiyo. Mimi nililia waziwazi, sikujali meza kuu wala meza ndogo.

Mwenyekiti ndiye aliyerudiwa na sauti kwanza, na angenyamaza ingemfaa. "Adabu, fundi. Hapa kuna watoto."

Wakili alikuwa kwenye sakafu, kati ya wenzake. Akasimama, sketi imejikunja, sauti haimtetemeki. "Mwenyekiti, mlango wa kizazi tunausoma darasani. Hata mchoro upo. Mwalimu mkuu ndiye aliyeuchora ubaoni."

Mwalimu mkuu akaona jambo la maana sana kwenye dari.

"Haya," mama muuza mkaa akasema, "tuache michoro. Mwenyekiti, wajukuu zako wawili wa kike wako hapo mbele. Wao watachanjwa?"

"Hilo," mwenyekiti akasema, "ni suala la kila familia kutafakari kwa kina, kwa wakati wake..."

"Sisi tulishachanjwa, babu," mjukuu mdogo akamkumbusha, kwa upole, kama mtoto anayemsaidia mzee asiye na kumbukumbu. "Siku ile ya kituoni. Tulipopita nyuma."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mzee aliyeshindwa kutamka mlango mbele za watu, mlango wa nyuma wa kituo cha afya aliujua barabara, na aliupita wiki nzima kabla ya kutundika bango la kuwakimbiza watoto wetu. Bwana Ushirikishwaji alisimama akasema jamii itulie. Jamii ilikuwa imejiona tayari, tena vizuri. Ikamtaka muuguzi apewe kipaza sauti, na zile dakika tano zake zikawa saa nzima, akitaja kila kitu kwa jina lake.

Kesho yake palikuwa na mstari mezani kwa wauguzi. Si mrefu kama ambavyo ningependa kuwadanganya. Yule bibi aliyemtoa mjukuu kwa sikio alikuwa amempeleka mtoto kwa ndugu wa mbali, mahali ambapo kongamano letu halikufika na picha ya bango ilikuwa imefika. Yule mtoto ana miaka kumi na minne. Kila nikipinda ncha za kitambaa cheupe namkumbuka, na nawalaani watu wanne kwa majina, kimyakimya, pini zikiwa mdomoni.

Shemeji alikuja na Wakili, amevaa shati la kutokea. Muuguzi alipomuuliza kama ameridhia, akasema ndiyo kwa sauti ya watu waliosimama mbali. Sindano ilipotolewa akafumba macho.

"Baba," Wakili akamwambia, "anayechomwa ni mimi."

Kamati ilikutana mara ya mwisho kutathmini. Taarifa ikaandikwa kwamba ushirikishwaji wa jamii ulikuwa wa kiwango cha juu, na kwamba sauti ya mwanamume mzazi ilijitokeza kutokana na mikakati ya kamati. Katibu akaunga mkono. Kisha Bwana Ushirikishwaji akaleta ombi la shirika, kwamba fundi azungushwe mitaa mingine akatoe ushuhuda. Mwenyekiti, ambaye bado ni mwenyekiti, hakupinga. Aliomba tu kwamba huko ugenini, kwa heshima ya wazee, fundi aseme tumbo.

Nilitumwa mimi nikamwambie, kwa kuwa ni shemeji yangu. Nilikwenda karakana nikamfikishia ombi kama lilivyo, bila kuongeza chumvi, maana halikuhitaji. Alikuwa anafunga kitasa. Akajaribu mlango, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

"Waambie wametafuta mtu siye," akasema. "Mke aliyekufa kwa tumbo mimi simjui. Wangu alikufa kwa mlango wa kizazi."